Baba, Ulisahau Uzito

Baba yangu uliyelala Chawia,

Najua hukupenda barua ndefu. Ndugu zako wa Taveta walipokuandikia, ulikuwa unaruka salamu zote na kushuka moja kwa moja hadi chini, uone wanaomba nini. Mimi siombi kitu. Isome hii kuanzia juu, na usiwe na haraka, maana sasa huna pa kwenda.

Naiandika wazi, aisome anayetaka, kwa sababu Shangazi ametangaza kwa ukoo mzima kwamba moyo wangu ni mchungu na kwamba uchungu huo ndio uliochemsha gari la Righa. Ukoo umeshapata nusu ya habari. Acha basi upate na nusu iliyobaki, na kwa kuwa wewe ndiye uliyeanza hesabu yenyewe, bahasha naiandikia jina lako.

Nitaanza na Jumapili zetu, kwa sababu zilikuwa nzuri na sitaki useme nimezisahau. Tulikuwa tunakaa zile nyumba za shamba la mkonge nje ya Voi, chumba na sebule, mimi, wewe na mdogo wangu Righa, pamoja na Shangazi aliyekuja kutulea Mama alipofariki. Ulikuwa karani wa mizani. Wiki nzima ulisimama mbele ya ile mizani kubwa, mafungu ya mkonge yanapanda, unasoma kilo, unaandika, unapiga muhuri. Jumapili baada ya kanisa ulikuja na gazeti ambalo meneja alikuwa amelimaliza, lenye alama za duara za kikombe chake cha chai. Ukurasa mmoja tu ndio uliokuhusu, ule wa magari. Kurasa za siasa alizichukua Shangazi kufungia sabuni.

Hukuwahi kuwa na gari. Ulikuwa na baiskeli nyeusi ambayo kengele yake iligoma tangu sijazaliwa. Lakini magari ya mbio uliyajua vile mtu anavyowajua ng'ombe wa jirani, yupi ana maziwa na yupi anapiga teke. Na katika yote uliyapenda mawili, mahasimu, kutoka viwanda viwili vilivyokuwa vikifukuzana kila mwaka. Hiki kikitoa lenye kasi zaidi, kile kinatoa lenye kasi kuliko hilo. Majina yake siyataji, maana mashabiki wake hawana utani na baadhi yao ni wateja wangu. Sisi tuliyaita Buluu na Nyekundu, kwa rangi za picha mbili ulizobandika ukutani kwa uji wa unga. Panya walikula pembe ya Nyekundu, ukahuzunika siku mbili.

Namba zake uliziandika kwenye daftari la kurasa mia moja na ishirini, lenye mistari. Buluu ulimpa safu ya kushoto, Nyekundu ya kulia. Juu uliandika bei. Chini ya bei ukaandika nguvu za farasi. Kisha ukagawanya.

"Tunataka kujua kila farasi mmoja anauzwa ngapi," uliniambia. "Gari si sura. Gari ni farasi wangapi umepata kwa pesa yako."

Nyekundu ndiyo iliyokuwa ikishinda. Farasi wake walikuwa wengi na bei yake ilikuwa chini. Kila mwaka viwanda vilipobadilisha, ulifungua ukurasa mpya ukagawanya tena, na Nyekundu ikashinda tena, nawe ukatikisa kichwa, mtu aliyeshawishika kabisa, mtu ambaye kesho yake angepanda baiskeli kwenda kazini.

Nilikuwa darasa la sita siku niliyokukosoa. Nilikuwa nimelala kifudifudi sakafuni nikisoma yale maandishi madogo chini ya picha, yale ambayo wewe ulikuwa huyasomi kwa sababu miwani yako ilikuwa ya kuazima. Nikaona kwamba Nyekundu ilikuwa nzito kuliko Buluu, tena si kidogo.

"Baba," nikasema, "farasi wa Nyekundu ni wengi lakini wanavuta tembo. Wa Buluu wanavuta mbuzi."

Ulichukua gazeti ukalisogeza karibu na macho. Karani wa mizani, mtu anayelipwa kwa ajili ya kilo, alikuwa amekaa miaka hiyo yote akilinganisha magari bila kuyapima. Kisha ukacheka. Ulicheka hadi Shangazi akaja kutoka jikoni akichechemea kwa ule mguu wake mbovu, kuuliza kuna nini. Ukachomoa kalamu nyekundu ya kazini, ile ya kusahihishia makosa ya wapakiaji, ukaniwekea mkononi.

"Kuanzia leo mkaguzi ni wewe," ukasema.

Sijui kama uliwahi kunipa kitu kingine kizuri kama kile. Nililala nayo chini ya mto. Jumapili zilizofuata tuliongeza mstari wa uzito, halafu mstari wa breki, halafu mstari tuliouita mlima, kwa sababu wewe mwenyewe ulikubali kwamba gari la mbio linaloshinda kwenye barabara ya tambarare huko kwao huenda likaaibika likianza kupanda kwetu. Ulichukua mfuniko wa sufuria ukaufanya usukani. Tulitoka Voi, tukapita Mwatate, tukaanza kupanda kona za Chawia, wewe ukiegemea kushoto na kulia kwenye kiti cha mbao, mimi nikisoma namba, na Righa ndiye injini. Hiyo ndiyo kazi yake tuliyompa, kunguruma. Alinguruma vizuri, masikini, hadi mate yakamtoka. Hesabu haikumhusu. Ikifika saa ya kuandika, yeye alikuwa ameshatoka nje na mpira.

Kwa hesabu mpya, Buluu ilishinda. Ghali, lakini ilistahili bei yake. Ulikubali kushindwa na mtoto wa darasa la sita, na nilikupenda kwa hilo. Nalisema hili wazi kwa sababu yanayokuja hayatafanana nalo.

Mimi na Righa tulimaliza kidato cha nne mwaka mmoja, ingawa mimi ndiye mkubwa. Unajua kwa nini. Mwaka ambao ningeanza shule ndio mwaka Mama alioanza kuugua, na palihitajika mtu wa kumletea maji na kumwita jirani akizidiwa. Nilianza nikiwa nimechelewa. Shangazi alipokuja alikuja na mguu wake, kwa hiyo maji yakabaki yangu, kuni zangu, nguo zako za kazi zangu, na uji wa Righa wa asubuhi wangu. Sikulalamika wakati ule na silalamiki kuhusu hayo sasa. Nataka tu uyakumbuke unaposoma mstari unaofuata, kwamba matokeo yalipotoka, yangu yalikuwa ya juu kuliko yake kwa mbali. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani kwa miguu kukuambia.

Tulikuwa tumeomba chuo kimoja cha ufundi huko Mombasa, mimi na yeye, kozi ya mitambo. Wote tulipata nafasi. Ada ilikuwa ya mmoja.

Nilirudi kutoka bombani mchana, nikakuta daftari liko wazi mezani. Nilidhani umeanza Jumapili mapema. Kushoto uliandika W. Kulia uliandika R. Juu ya safu zote mbili uliandika ada, ile ile. Chini ya ada, alama zetu. Ukagawanya, Baba. Uligawanya kabisa, ukapata kila alama moja inakugharimu ngapi, na kwangu ilikuwa rahisi kuliko kwake. Hapo ningeshinda. Lakini chini yake uliongeza mstari ambao hatukuwahi kuwa nao kwenye magari. Uliandika: Atabaki kwa nani. Kwenye safu yangu ukaandika, kwa watu. Kwenye safu ya Righa ukaandika, kwetu. Na chini kabisa upande wa kulia uliweka alama ya vema, kwa kalamu ya bluu. Ile nyekundu ilikuwa yangu na hukuniomba.

Uliponikuta nimesimama pale hukulifunga daftari. Hilo nakukubalia, hukujificha.

"Wewe ni gari zuri, Wakesho," ulisema. "Nguvu nyingi kwa bei ile ile. Lakini nikununue mimi, aje akuendeshe mwingine?"

Ulisema kwa upole, ukiwa hata na fahari kidogo, kama mtu aliyepata jibu gumu. Nikauliza mstari wa uzito uko wapi. Hukuelewa. Ulifikiri nauliza habari za magari.

Righa akaenda Mombasa. Mimi nikaenda kuuza vipuri kwa Mkamba mmoja pale Voi, karibu na stendi, mzee mwenye roho nzuri na duka lenye giza. Nilianza kwa kupanga boliti kwa ukubwa. Mwaka wa pili nikawa nawaambia makanika kipuri gani wanataka kabla hawajamaliza kueleza ugonjwa. Mwaka wa tano nilikuwa chini ya magari. Leo nina yadi yangu mwenyewe kando ya barabara kuu, na mtu yeyote kati ya hapa na Taveta anayetaka kununua gari la mtumba analileta kwangu kwanza. Nalikagua, naandika ripoti, nagonga muhuri. Unaona nimerithi nini.

Na wale watu ambao wangeniendesha, niliolewa nao miaka minne wakanirudisha. Kwa hiyo nilibaki kwetu. Nani alikuchukua ulipostaafu na kifua kikaanza kubana? Nani alikupa kile chumba chenye dirisha la kuelekea barabarani ili uone magari yakipita? Righa alikuwa na kazi ya maji ya kaunti kule juu, alikuja mwisho wa mwezi na matunda, akakaa saa moja, ukamsimulia kila mtu aliyepita kwamba mwanao mhandisi alikuja. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiwa na beseni.

Ulilala kwangu miezi minane. Nilikuwa nangoja. Sikutaka uniombe msamaha kwa magoti, mimi si mtu wa sinema. Nilitaka tu siku moja useme, mwanangu, ile hesabu ilikuwa mbaya. Nilikuwa naingia na uji, nakaa pembeni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nakupa nafasi. Wiki ya mwisho ulinishika kifundo cha mkono. Nikainama.

"Wakesho," ukasema, "siku hizi Buluu inauzwaje?"

Nikakutajia bei. Ukafumba macho ukihesabu.

Baada ya mazishi nililichukua daftari kutoka kwenye sanduku lako, na hakuna aliyelitafuta.

Sasa nakuja kwa gari la Righa.

Alikuja yadi Jumamosi moja asubuhi, na nyuma yake yakaingia magari mawili yakiendeshwa na madalali wawili waliokuwa hawatazamani. Nilisikia milio kabla sijaona, nikasimama na spana mkononi. Buluu na Nyekundu. Si mfano wake, Baba, zile zile, mwaka ule ule wa picha za ukutani, sasa zimezeeka na kushuka bei hadi mtumishi wa kaunti akaweza kuziota. Righa ana mvi, lakini alikuwa anatabasamu hadi fizi.

"Dada, unaziona? Ni zile za kwa ukuta."

"Naziona."

"Nimesave miaka, wacha tu. Sasa nataka moja. Wewe ndiye mkaguzi, nipee jibu nisijitie hasara."

Nilizikagua kutwa nzima. Buluu ilikuwa ghali na ilikuwa nzima, mtu alikuwa ameitunza vizuri. Nyekundu ilikuwa rahisi, farasi wake wengi kama zamani, rangi yake inameta. Nikafungua kifuniko cha oili. Ndani yake palikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. Mtu yeyote wa kazi hii anajua hiyo ni nini. Maji na oili vinakutana mahali visipopaswa kukutana, gasketi ya kichwa cha injini imeanza kuachia. Nikaiwasha, nikatazama kwenye rejeta, nikaona mapovu. Kwenye tambarare ya Voi ingekimbia bila shida hata miezi. Ikipanda Chawia na mzigo, ingechemka.

Nilikuwa nafuta mikono nikijiandaa kumwambia. Ni ukweli, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo akasema, kwa furaha, bila ubaya wowote:

"Fanya tu ile hesabu ya mzee. Ile ilikuwa haikosei."

Hesabu ya mzee. Yeye alikuwa akinguruma tu, hakujua kwamba ile hesabu ilikosolewa na kuongezewa mistari. Alijua ile ya kwanza. Na kwa hesabu hiyo yeye alikuwa mhandisi wa maji na mimi nilikuwa na grisi hadi viwikoni.

Basi nikamfanyia. Nikachukua karatasi, kushoto Buluu, kulia Nyekundu. Bei. Farasi. Nikagawanya. Sikuandika uzito, sikuandika mlima, sikuandika chai ya maziwa. Nyekundu ikashinda kama ilivyokuwa ikishinda zamani. Nikagonga muhuri. Kila namba niliyoandika ilikuwa sahihi, Baba.

Righa alinikumbatia, akaondoka na Nyekundu.

Ilimchukua wiki tatu. Alikuwa amemchukua Shangazi kliniki Voi, anamrudisha nyumbani Chawia, na mvua ilikuwa inanyesha milimani. Kwenye kona ya tatu ya kupanda mshale wa joto ukaruka, kwenye ya tano moshi ukatoka chini ya boneti. Hakukuwa na mtandao pale. Shangazi, kwa umri ule na mguu ule, alikaa garini saa mbili madirisha yakiwa na ukungu, kisha akapandishwa pikipiki akiwa amefunikwa na gunia. Alilala na homa siku nne. Niliposikia nilifunga yadi nikaenda. Alikuwa amejifunika hadi kidevuni.

"Gari lilikaguliwa na wewe," akasema. "Mkono wako haukosei, Voi nzima wanajua. Kwa hivyo si mkono. Ni moyo."

Unaona alivyofikiri. Mtu mwingine yeyote, mahali pengine popote, angesema mkaguzi amedanganya. Lakini Shangazi ni mtu wa milimani. Kwake yeye mkono wangu hauwezi kuwa mchafu, ila hasira ya ndugu inaweza kutoka yenyewe kifuani mwa mtu bila yeye kuituma, ikaua ng'ombe, ikakausha mahindi, na siku hizi ikachemsha injini. Alinisingizia kosa la roho ili asinishuku kosa la kalamu. Nilikaa kwenye kile kigoda nikanyamaza, na yeye akaona kunyamaza kwangu ni kukubali. Na kwa kweli alikuwa ameona sawa.

"Tutatasa," akasema. "Jumapili, wote, pale kwa baba yenu."

Wewe huhitaji kuelezwa kutasa, lakini barua hii iko wazi na wengine wanaoisoma si wa kwetu. Mwenye uchungu na ndugu yake huchukua funda la pombe ya miwa, hulipuliza nje kama manyunyu, na anapolipuliza husema kilichomkaa moyoni, kisha hutamka heri. Uchungu unatoka na lile funda. Siku hizi kwetu wanatumia maji, kwa sababu Shangazi ni mama wa kanisa, na mchungaji akipita njia ile anatazama upande mwingine.

Tulisimama penye kaburi lako saa tatu asubuhi, umande haujakauka, watu kama kumi na wawili wa ukoo. Shangazi alishika kibuyu. Alianza Righa, ingawa hakuna aliyemlaumu kwa lolote. Alipuliza, maji yakaenda juu ya saruji yako, akasema akitazama chini:

"Ile page ya daftari, mimi niliiona kabla ya dada. Mzee alinionyesha. Nilijua yeye ndiye alifaa kwenda. Nikanyamaza kwa sababu nilitaka kwenda." Akapangusa mdomo. "Hiyo imekaa na mimi hii miaka yote. Naitoa. Dada asikose kitu tena kwa sababu yangu."

Akaninyooshea kibuyu yeye mwenyewe. Hakujua kwamba siku ile pale yadi mimi pia nilijua na nikanyamaza. Mkono wake una alama ya kuungua na uji utotoni, ule uji niliokuwa nikimpikia asubuhi.

Nikachukua funda. Maji yalikuwa ya kisima, baridi, yenye ladha ya kibuyu. Nikasimama mbele yako yamenijaa mdomoni, na ukoo wote unangoja. Nilikuwa na ya kusema kwa Righa, yalikuwa tayari. Lakini mtu hatasi kwa ajili ya ndugu mmoja tu, unamwaga yote, na wewe ulikuwa pale chini. Nikatafuta neno la heri la kukuambia. Nilitafuta kwa kweli, Baba. Nililolipata ni lile swali lako la bei ya Buluu.

Nikayameza.

Shangazi aliona koo langu likishuka. Hakupiga kelele. Alichukua kibuyu kutoka mkononi mwangu, akakiinamisha, maji yaliyobaki yakaingia kwenye majani.

"Amemeza," akawaambia wengine, na watu wakaanza kuteremka kwenda kunywa chai.

Nyekundu iko kwangu sasa. Niliivuta kwa lori kutoka kwenye ile kona, nikaifungua injini mwenyewe, kichwa kimepelekwa Mombasa kusawazishwa na kimerudi. Gasketi mpya niliifunga juzi mchana. Nimeipandisha Chawia mara tatu nikiwa na mifuko sita ya saruji kwenye buti, mshale haukusogea. Righa anakuja kuichukua Jumamosi. Kabla sijampa ufunguo nitamwonyesha kile kifuniko cha oili, nimekitunza kikiwa na utando wake, na nitamwambia niliona nini siku ile na kwa nini sikuandika. Huenda akanichukia. Huenda asinichukie, maana yeye anajua kunyamaza kunavyokaa. Nitachukua maji ya bomba pale pale yadi nimpulizie, sitamngoja Shangazi.

Na daftari liko hapa mezani, ukurasa ule wa W na R. Kalamu nyekundu ya wakati ule ilikauka zamani, lakini nina nyingine. Nimechora mstari ulioukosa, chini ya alama, juu ya Atabaki kwa nani. Nimeandika Uzito. Kwenye safu ya kulia nimeweka sifuri, kwa sababu Righa hakubeba kitu, na hilo si kosa lake. Kwenye safu ya kushoto nimeandika Mama, maji, kuni, uji, nguo, mguu wa Shangazi, na mwisho, kwa herufi ndogo kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha, nimekuandika wewe, miezi minane. Kisha nikagawanya upya, safari hii nikimhesabia kila mmoja mzigo aliouvuta. Jibu unalijua, wewe si mjinga.

Lala, Baba. Watu huandika lala salama, mimi nimeishia kwenye lala. Righa alikiri mbele ya watu kumi na wawili, na kwa Righa nitapuliza. Wewe ulikuwa na mkono wangu mkononi mwako ukaniuliza bei ya gari. Yako nimeyameza, na yamekaa.

Mimi binti yako,
safu ya kushoto